Georgia ni Mbali

Hastings, Nebraska
Machi 3, 1997

Mwanangu Joleen,

U hali gani huko Minnesota kwenye baridi? Mimi mzima, ila bomba la jikoni linapiga kelele kunishinda. Kwa hiyo wewe na Wade ndiyo basi? Nimelia kidogo, kisha nikakata vitunguu nipate cha kusingizia.

Sasa usikae tu. Panda basi uende Las Vegas mlikofungia ndoa, mkaivunje huko huko. Mimi na baba yako tulifunga Georgia, ndiyo maana mwaka wa ishirini na mbili huu tangu aondoke, bado naitwa mke wa mtu. Nani ana nguvu za kwenda Georgia? Jana Alvin wa duka la chakula cha mifugo kaniposa tena. Nimemjibu kama kawaida: Georgia ni mbali.

Mama yako

Duluth, Minnesota
Machi 17, 1997

Mama mpenzi,

Salamu kwako na kwa bomba. Mimi sijambo, nalala vizuri.

Nimemwona wakili. Nilipotaja Las Vegas alicheka mpaka akavua miwani. Mama, ndoa ilifungwa wapi si hoja; hoja ni watu wanaishi wapi. Naweza kufungua kesi Kansas hata kesho, maana Wade bado anaishi kule. Ama nisubiri hapa mpaka nitimize miezi sita. Naogopa Kansas. Mji mzima ulikula keki yetu tuliporudi kutoka Las Vegas, na dada yake Wade ndiye karani wa mahakama! Hapa hakuna anayenijua. Nifanyeje?

Na wewe je? Uko Nebraska tangu sijaota meno, na mahakama iko mtaa wa tatu kutoka kwako. Unanielewa?

Bintiyo

Duluth
Aprili 20, 1997

Mama,

Hujambo kweli? Mwezi mzima sina barua, na simu hupokei. Nimempigia Alvin dukani, akasema u mzima, "ila siku hizi hana utani." Nimekukosea?

Nimechagua Kansas. Nyumba iko kule, na sikutaka iwe nilikimbia. Wade aliniambia, "Njoo, Jo, tumalize kwa heri, na uchukue cherehani yako." Jumanne nikaenda. Wifi alipoziona karatasi akasema kwa sauti ya ofisi, "Majina kamili." Nikataja. Akagonga muhuri, akazunguka meza, akanikumbatia: "Utabaki wifi yangu, mpuuzi wewe!" Tukalia mbele ya foleni nzima. Sasa nangoja hakimu.

Niandikie, hata kama ni matusi.

Bintiyo

Hastings
Mei 7, 1997

Mwanangu Joleen,

Mimi mzima, nisamehe. Hukunikosea, umeniondolea kisingizio tu. Miaka kumi na moja namwambia Alvin Georgia ni mbali, na mwenyewe nikiamini. Barua yako ilipokuja nikajiuliza: kama si Georgia, ni nini basi? Ni woga, mwanangu. Nilishaachwa mara moja. Nikiwa bado mke wa yule aliyekwenda zake, hakuna mwingine wa kuniacha.

Halafu nikasoma kwamba umerudi Kansas mbele ya macho ya watu wote. Nikaona haya.

Jana nilivaa koti la buluu nikaenda mahakamani kwa miguu. Dakika kumi na moja! Karani akauliza, "Ndoa ilifungwa wapi?" Nikasema Georgia, nikangoja anifukuze. Akaandika tu, akaniuliza kama nina kalamu yangu.

Kutoka hapo nikapitia dukani. Alvin alikuwa na gunia la mahindi begani.

"Niulize," nikamwambia.

"Leo Jumanne, Verlene. Mimi huuliza Jumapili."

"Alvin. Niulize."

Akatua gunia. Akapiga goti pale pale kwenye pumba, na kumnyanyua ilibidi waje wateja wawili.

Mama yako