Mama Asinywe Tena Vidonge Vile

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na watoto. Mimi mwili hauna neno, ila roho inachemka. Tangu Jumanne hupokei simu zangu, ndiyo maana nimeitia barua hii kwenye basi la asubuhi, shangazi aipokee akuwekee mkononi. Wewe ni mkubwa wangu na heshima yako iko pale pale, lakini leo utanivumilia.

Shangazi amenieleza yote. Mama ameanguka bafuni. Midomo imemkauka, anakojoa kila saa, na juzi alimtazama shangazi akamwuliza yeye ni nani. Wakati wa kumbadilishia shuka, shangazi akakuta chini ya mto kopo la vidonge vya sukari, vile vinavyoitoa sukari kwa mkojo, robo yake imekwisha. Kaka, Mama hana sukari! Hajawahi kuwa nayo. Ana uvimbe wa titi, na kila wiki tatu anatundikiwa ile dripu nyekundu inayoua uvimbe lakini inaudhoofisha na moyo. Shangazi alipokuuliza ukampokonya kopo, ukasema daktari asiambiwe kwa kuwa madaktari hawapendi mtu mwenye akili zake, na kwamba habari za vidonge hivyo kulinda moyo zilitoka kwangu. Alaa! Kwangu mimi?

Una wazimu wewe? Mtu asiyekula, anayetapika hata maji, unamshusha sukari ipi? Wewe ni fundi umeme. Mtu akija kuchezea nyaya zako kwa sababu kasikia jambo kwenye simu, si utamtoa mbio na koleo mkononi? Nimempigia daktari wa Mama, nikajibiwa kwamba wanaongea na wewe tu kwa sababu jina lako ndilo lililo kwenye faili. Nilitaka kuivunja simu.

Na niliwaambia nini Jumapili ile nilipowapigia simu? Niliwaambia kwamba pale maabara tunafuga seli za moyo kwenye visahani, na ukizitazama kwa darubini unaziona zinadunda zenyewe. Visahani vingine tunavitia ile dawa nyekundu peke yake. Vingine tunavitangulizia dawa ya sukari, tuone kama itazikinga seli. Vingine hatuvitii kitu. Nikasema zilizokingwa zinadunda kana kwamba hazijaguswa. Nikasema pia kwamba kisahani si mtu, na kwamba Mama asipewe chochote bila daktari wake. Hilo halikuingia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Halafu huo utani wenu wa kuniita Daktari wa ukoo, na mimi nacheka, naupenda. Mimi ni fundi wa maabara, Kaka. Nalisha seli, naosha vyombo, naandika lebo.

Hizo lebo sasa. Siku ya kwanza ya kazi unafundishwa kwamba lebo inaandikwa kwenye kisahani chenyewe, kamwe si kwenye kifuniko. Wiki ile nilikuwa na haraka, nikaandika kwenye vifuniko. Ijumaa nikavifungua visahani vyote kwa mpigo ili nizibadilishie seli chakula, kisha nikavifunika ovyo ovyo. Baadaye mkuu wa maabara akavigeuza kimoja kimoja, akakuta chini ni vyeupe, hakuna hata herufi. Akazipima, na kumbe zile seli nilizowasifia hazikuwa zimekingwa na kitu. Ni zile ambazo hazikutiwa dawa yoyote! Ndiyo maana zilidunda vile. Tumeanza upya. Labda dawa ya sukari inakinga, labda haikingi. Sisi bado hatujui.

Haya niliyajua siku kumi na mbili zilizopita. Siku mbili baadaye ukanipigia, ukaniuliza kama zile seli bado zinadunda. Nikakujibu kwamba zinadunda. Niliona aibu, Kaka, basi. Niliogopa mtanicheka. Hukuniambia kwa nini unauliza, na mimi sikutaka kujua, nikageuza mazungumzo. Shangazi anasema kesho yake ndipo ulipoanza kumpa Mama vidonge.

Kwa hiyo nakukasirikia wewe, na nakukasirikia kweli kweli, lakini mwenzako hapa hata kwenye kioo hajitazami.

Chukua kopo hilo pamoja na barua hii, umpelekee daktari wa Mama sasa hivi, kabla hujabishana na mtu. Aisome yote. Usichane hata mstari kwa ajili ya kunisitiri, wala wa kujisitiri wewe.

Mimi napanda basi la kesho. Nisalimie wifi, wabusu watoto, mpe shangazi pole na asante. Mama usimpe salamu zangu. Akikutambua, akakuuliza nani aliyesema vidonge vile vitamlinda moyo, mwambie ni mwanawe wa mwisho, na kwamba alipoulizwa mara ya pili, alidanganya.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba