Saa Moja na Robo Hewani

2 Juni

Baba mpendwa, shikamoo.
Hujambo? Na mgongo? Sisi wazima, mjukuu wako ana mashavu kama mpiga tarumbeta. Tiketi yako hii hapa, ya tarehe kumi na nne. Umezoea kusema nimehamia mwisho wa dunia, basi nimeuliza: kutoka uwanja wa huko hadi wa huku ni saa moja na robo hewani. Usingizi wako wa mchana unazidi hapo! Tutakungoja mlangoni, mimi na mtoto. Tiketi ikikushinda, mpe mjomba akusomee.
Mwanao

15 Juni

Binti yangu, marahaba.
Mgongo upo, umejikunja tu. Jana ndege iliharibika. Injini ilikohoa kama mvuta kiko, rubani akasema, wazee, shukeni. Ningeanguka, nani angekutania? Tena nikifikiria, huko ni mbali kweli. Na ati nisomewe tiketi! Mimi, fundi saa mzima? Mbusu mtoto.
Baba yako

20 Juni

Baba, shikamoo.
Natumaini u mzima. Mimi silali vizuri. Baba, ndege ilifika. Nilisimama na mtoto mgongoni nikitazama kila anayetoka, mpaka akatoka rubani na begi lake, mpaka mfagiaji akaniuliza, “Dada, unamngoja nani? Wamekwisha.”
Usinitungie injini. Uliposikia nina mimba na mume sina, ulinyamaza miezi mitatu. Saa moja na robo si mbali, Baba. Kama ni mwanangu unayemwonea haya, sema, nisikusumbue tena.
Mwanao

27 Juni

Marahaba, mama.
Mgongo usiuulize, uso ndio unaoniuma. Hakuna injini iliyokohoa. Tiketi iliandikwa 8:00, nami nikatua uwanjani saa nane mchana, koti mwilini, viatu vinang’aa. Binti wa kaunta akasema, “Mzee, hiyo ni saa mbili asubuhi. Wenzako wameshafika, wameshakula, wamelala.”
Saa ya ukutani naisoma hata usingizini: mshale kwenye nane, saa mbili. Lakini karatasi haina mshale! Nikajifungia nyumbani, natokea uani kama mwizi wa kuku, mtaa udhani nimesafiri. Niliona heri nikudanganye kuliko unicheke. Sikujua aibu yangu utambebesha mtoto.
Ile miezi mitatu sina utani nayo. Niliogopa midomo ya watu, nikakuacha peke yako.
Jana nimerudi kwenye kibanda changu cha saa nikawasimulia majirani wote. Wamecheka mpaka muuza magazeti akashikilia nguzo. Nikawaambia pia nina mjukuu. Mmoja akauliza, “Baba yake nani?” Nikamjibu, “Babu yake ni mimi. Una saa ya kutengeneza au huna?”
Tiketi imekufa. Naitanguliza barua hii, nami kesho kutwa napanda basi, siku mbili njiani. Heri hivyo. Ndege ingenifikisha upesi mno, na neno la kukuambia tukionana sijalipata bado. Usipokuja stendi nitaelewa. Nitauliza njia mpaka nifike mlangoni kwako.
Baba yako, ambaye mtaani sasa wanamwita Saa Nane