Jina la Jiwe Letu

Turku,
17 Februari 1946

Mpendwa dada Saimi,

Habari za huko Minesota? Miguu yako inaendeleaje na baridi hiyo? Sisi wazima, tunakula, tunalala. Furushi lako limefika. Mke wangu Hellin aliinusa ile kahawa kwanza, kisha akaifungia kabatini. Ahsante sana.

Mwanetu Ensio bado hawajamleta. Vijana wa usharika wetu waliouawa vitani karibu wote wameletwa, wakazikwa pale kanisani. Wetu aliachwa msituni jeshi liliporudi nyuma, na hakuna anayejua ni msitu upi. Nakueleza tu, dada. Machozi sina.

Kazini kuna jipya. Unakumbuka ile nukta niliyoidhani vumbi mwaka wa arobaini na mbili? Ilisogea kidogo mno kati ya picha mbili za anga, maana iko mbali. Ni jiwe la ukingo wa nje wa ule ukanda wa vijisayari, huko ng'ambo ya Mirihi, nalo hulizunguka jua kwa miaka mitano na nusu. Ni hafifu, bila darubini hulioni. Tumelipiga picha tena na tena, hesabu zikakubali, sasa limepewa namba. Na kwetu sisi wanaastronomia, aliyeliona kwanza ndiye hulichagulia jina. Nikataka liitwe Ensio.

Nilimwambia Hellin akimenya viazi.

“Umekosa pa kumweka mwanangu ila huko? Kuna joto huko?”

“Hakuna.”

“Mtoto mwenyewe halali bila soksi, na wewe na usomi wako wote unampeleka gizani. Hebu niondolee.”

Iliniuma, lakini kwa mbali, kama jino lililotiwa ganzi. Wiki nzima hatukulitaja.

Jana alikuwa akikunja nguo, mgongo kanipa, akauliza, “Hilo jiwe lako likipotelea nyuma ya jua, mnalitafutaje?”

Nikamwambia hatulitafuti. Hesabu hutuambia usiku fulani litakuwa mahali fulani, tunaelekeza darubini, tunalikuta.

“Hata baada ya miaka mia?”

“Hata mia.”

Akamaliza shuka aliyokuwa nayo mkononi.

“Basi liandike jina lake. Angalau huyo tutajua yuko wapi.”

Nimelipeleka jina hilo leo asubuhi.

Nisalimie shemeji Kaarlo na wapwa zangu wote, Tyyne hasa. Hellin anakusalimu. Mungu awafunike nyote kwa mkono wake, huko mliko.

Kaka yako akupendaye,
Oiva