Sauti Zako Kando ya Shuka

Mama Njeri, rafiki yangu,

Mvua imerudi huku Parklands na nguo za watoto hazikauki. Juzi mama wa mboga aliteleza pale getini na kikapu chake chote, akainuka haraka, akauamkia ukuta akidhani ni memsahibu. Nilikimbia mpaka jikoni nikuambie. Nikakuta sufuria tu.

Ni miezi mitatu tangu tukuzike Kangemi. Unajua mimi si mtu wa kuandika, barua zangu za kwetu Maragoli ulikuwa ukiniandikia wewe, kwa hiyo usicheke mwandiko. Kirit wa memsahibu amekuwa mkubwa, anavaa soksi ndefu za shule na anasema Kiingereza hata na mbwa. Anasema sasa hahitaji mtu wa kumweleza sinema. Lakini Jumapili baba yake akiwasha mashine, bado anageuka kutazama kile kigoda chako.

Nakumbuka siku kilipowekwa pale. Bwana alikuwa ameleta mashine ya sinema kutoka mjini, na baada ya chakula cha mchana akafunga mapazia ya sebule, akatundika shuka la kitanda kwenye mlango wa chumba cha kulia. Wao wakakaa mbele. Sisi wawili tulikuwa nyuma tukipangusa vyombo, na picha zikapenya shuka tukaziona kinyumenyume. Ndiyo katuni ya kwanza maishani mwangu. Dubu aliyevaa aproni alikuwa akifukuzwa na nyuki kijiji kizima, mpaka akajitosa ndani ya beseni la mtu aliyekuwa anaoga. Mimi nilishika mdomo. Kirit, maskini, Kiingereza hakukijua bado, akawa analia, "Anasema nini? Dubu anasema nini?"

Ukatupa kitambaa begani, ukajibu kwa sauti nzito kutoka nyuma ya shuka: "Nasema hivi, nani amenimalizia asali, na kesho mtoto anabatizwa?"

Nikajua kazi imekwisha, tunarudi nyumbani wote wawili. Halafu bwana akacheka mpaka akakohoa. "Wewe kuja hapa mbele! Sema mara ingine!"

Tangu hapo ukawa na kigoda chako kando ya shuka. Nyuki uliwapa sauti za wanawake wa foleni ya maji. Mbweha alihubiri kama katekista wetu, mpaka mimi kanisani nikashindwa kumtazama yule mzee usoni. Hata memsahibu, asiyecheka mbele ya wafanyakazi, alikuwa akijifunika uso na ncha ya sari, mabega yakimtetemeka. Na kila picha ikiisha ulikuwa ukiwauliza watoto nani alikuwa rafiki wa kweli mle ndani, na kwa nini. Walikuwa wakigombana mpaka saa ya kuoga.

Halafu ikaja ile asubuhi. Sijawahi kuitaja, wala wewe hukuitaja.

Askari waliingia nyuma kwenye vyumba vyetu, wakiuliza kila mtu kabila na karatasi. Wakikuyu kama wewe walikuwa wakipandishwa lori kwenda kizuizini. Ulikuwa ndiyo kwanza umeosha nywele. Ukasimama karibu nami, ukawaamkia kwa yale maneno ya kwetu niliyokufundisha tukimenya viazi, ukasema wewe ni wa kwetu, wewe ni dada yangu. Ulisema vizuri kabisa. Yule mkubwa wao akanigeukia mimi. "Kweli? Huyu ni dada yako?"

Kipande changu, ile karatasi yao ya kabila, kilikuwa mkononi. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilitazama chini, na hiyo ilimtosha.

Ulipokuwa unapanda lori ulinigeukia. Nilingoja unitukane. Ukasema, "Rasoa, maziwa ya mtoto yako motoni." Nikakimbia, lakini yalikuwa yameshafurika, na nilisugua lile jiko mpaka mchana, nikisugua mahali palipokwisha kutakata.

Ulikaa huko zaidi ya mwaka mmoja. Bwana aliandika barua, akaandika nyingine, mpaka ukapata ruhusa ya kurudi. Ulirudi umekonda, na kile kikohozi. Ukanisalimu kama kawaida, ukauliza sukari iko wapi siku hizi. Mimi nikajifanya nina nguo nyingi za kufua. Siku nne nilikuwa nikikuzunguka humo jikoni kama mtu anayezunguka moto.

Jumapili ikafika, na bwana alikuwa na picha mpya. Punda na chura wanasafiri kutafuta mto. Chura amekaa kati ya masikio ya punda, wanaimba, wanaibiwa chakula na nyani, mambo ya kuchekesha sana. Halafu wakiwa mlimani radi inapiga, punda anashtuka anakimbia, chura anaanguka, anabaki peke yake juu ya jiwe. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia ya chai. Nikatamani picha ikatike. Haikukatika. Punda akarudi polepole, kichwa chini, masikio yamelowa.

"Anasema nini?" Kirit akauliza.

Kwanza ukamsemea punda, neno moja tu: "Niliogopa."

Kisha chura. "Najua. Na mimi ningekuwa na miguu mirefu kama yako, ningekuwa nimefika Naivasha. Sasa inama nipande, tunalowa bure."

Watoto walicheka sana. Mimi nilicheka na kulia pamoja, chai ikamwagika kwenye sinia, memsahibu akaniuliza kama moshi wa jikoni umeniingia machoni. Wewe hukunitazama hata mara moja. Ulikuwa umeshaendelea na nyani.

Usiku huo nililala vizuri. Lakini Mama Njeri, yale yalikuwa maneno yangu, na ulinisemea wewe, kama ulivyowasemea wanyama wote. Nilipaswa kuyasema kwa mdomo wangu. Tulikaa tena miaka miwili jiko moja, na kila siku nikajiambia kesho, akimaliza kupiga pasi, nitamwambia. Halafu kifua chako kikazidi, ukalazwa. Siku nilipoamua kweli nilikuja hospitali na uji kwenye chupa. Nikakuta kitanda kimetandikwa.

Basi nasema sasa. Niliogopa. Ulikuwa dada yangu na sikusema. Nisamehe.

Njeri hajambo. Anakaa na nyanya yake, ametimiza miaka tisa. Mama yako aliniambia kwamba tangu mazishi mtoto hacheki, anafanya kazi tu kama mtu mzima. Nikamwomba memsahibu amruhusu Njeri aje huku Jumapili iliyopita, akakubali. Ilikuwa picha ya kuku mmoja anayesafiri na ngamia. Wale wadogo wakaanza, "Nani atasema? Nani atasema?" Nikakaa pale kando ya shuka, nikajaribu kuku. Ilitoka sauti ya mlango usiotiwa mafuta. Kirit akaziba masikio. Nikajaribu ngamia, ikawa vibaya zaidi.

Njeri akaniangalia kwa huruma. Ananiita tata, kama mashangazi zake wa huko kwenu. "Tata," akasema, "huyo kuku apelekwe kwa daktari."

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka na bwana akaacha mashine izunguke yenyewe. Alikuwa ananicheka mimi, na sijawahi kufurahi hivyo kuchekwa.

Mama yako ameruhusu awe akija kila Jumapili. Nitamfuata mwenyewe mpaka mlangoni na kumrudisha jua likiwa bado lipo. Nitaendelea kuharibu hao kuku na ngamia wote. Na akikua kidogo, kabla hajaisikia kwa mtu mwingine, nitamkalisha nimweleze habari ya asubuhi ile, na mahali niliposimama, na niliponyamaza. Sitapunguza kitu. Hii ndiyo ahadi yangu kwako.

Akinichukia, nitavumilia. Akinisamehe, nitakuja Kangemi siku hiyo hiyo nikuambie.

Pumzika, dada yangu.

Ni mimi,
Rasoa