Kisu ya Muti

Élisabethville, 9 Aprili 1953

Yaya Albertine,

Salamu toka Kamalondo. Mutoto ameota meno mbili. Usishangae maandiko: mimi ninasema, bibi yangu Wivine anaandika, juu mukono yangu ya kuume imefungwa bandeji.

Juma iliyopita mulevi moja kwa baa alinitolea kisu. Nilimukamata mukono vile sajenti alitufundisha kwa jeshi. Lakini kule tulikuwa na kisu ya muti, na mwenzako anachoma mara moja tu, halafu anasimama, anangojea umwangushe. Huyu hakungojea. Alivuta kisu, ikakata vidole yangu ya kuume.

Mashini yangu ya kushona, ile inatulisha, nimeifunika; vidole haviwezi tena kushika sindano.

Yaya, bwana yako Adalbert nilimufundisha vile vile siku ya Noeli, na mwiko, tukacheka sana. Umwambie akiona kisu, akimbie. Mimi, mulango ulikuwa wazi nyuma yangu, ningeweza kukimbia.

Mudogo wako,
Liévin