Elfu Mia Moja na Moja

Jumamosi, 3 Mei 2025

Nimerudi Ulyankulu sasa hivi, vumbi hadi kwenye meno. Nina hasira! Mashindano ya hesabu ya darasa la saba, Urambo. Mshindi anapata nafasi ya bweni kwa masista Tabora, miaka minne bila ada. Mwanafunzi wangu Stela alikuwa anaongoza. Swali la mwisho akalisoma Mwalimu Raymundi, kwa mdomo tu: elfu mia moja na moja — taja namba tasa zinazoigawa.

Stela kaandika 100,001. Katoa na kujumlisha tarakimu kwa zamu, kapata sufuri. Basi kumi na moja inaigawa! Ikabaki 9,091. Kaijaribu kwa saba, kumi na tatu, kumi na saba… hadi themanini na tisa. Haikubali. Tasa! Kwa penseli, dakika kumi. Mimi ningetoka jasho.

Kosa, anasema Raymundi. Namba ilikuwa 101,000, jibu ni 2, 5 na 101. Jamani! Hiyo ukiona sufuri tatu mwishoni si umeshamaliza? Halafu akaongeza, watu wote wanasikia, eti watoto wa makazi ya wakimbizi Kiswahili kinawapiga chenga. Stela kazaliwa hapa. Baba yake kazaliwa hapa. Mshenzi!

Jumapili, 4 Mei

Misa sikuisikia. Neno "na" ni kujumlisha. Elfu mia moja, jumlisha moja. Angetaka ile nyingine angesema laki na elfu moja, kama watu wote sokoni.

Mzee Nijimbere, baba yake Stela, kanikuta nje ya kanisa. Mwalimu, tuache tu, sisi tumezoea. Mmezoea nini? Nimemfokea mtu mzima mbele ya mkewe. Sijamwomba radhi.

Jumanne, 6 Mei

Rufaa nimeipeleka mwenyewe. Tumeitwa Alhamisi.

Alhamisi, 8 Mei. Urambo, benchi la nje

Sista Pelagia, mwenyekiti wa mashindano, kanisikiliza vizuri. Nikawaka: kosa ni la msomaji, si la mtoto! Akasema haya, tujaribu. Akanipa karatasi, 204,000. Niisome, Stela aandike ubaoni alichosikia.

Na mdomo wangu huu! "Elfu mia mbili na nne." Imetoka yenyewe. Ndivyo ninavyosoma darasani miaka tisa! Raymundi akacheka waziwazi. Stela akaniangalia usoni, akaona nimejikwaa.

Wamenitoa nje nisimfanyie ishara. Akiandika 200,004, itaonekana kosa ni la msomaji: rufaa ni yetu, aibu ni yangu. Niaibike, hata mbele ya mkoa mzima! Ila mtoto huyu ana adabu mno, na usomaji wangu anaujua. Akiandika 204,000 kunisitiri, bweni limekwenda.

Stela, mwanangu, niaibishe!

Chaki imeanza. Moja, mbili… sita. Imenyamaza. Tarakimu sita — lakini namba zote mbili zina sita! Hakuna aliyecheka. Sista hajaniita bado.