Bomba la Choo Limeziba, na Aliyeliziba Siwezi Kumtaja

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila kwanza ujue unaandikiwa na mtu wa bahati. Fundi cherehani kama mimi utamtafuta mpaka soli za viatu ziishe: nimeshona suti ya balozi, nimevuka mipaka na mkasi mfukoni, shule niliiacha njiani lakini njia haikuniacha, na hapa nilipo wateja wanapanga foleni mlangoni mpaka kinyozi wa jirani ananiomba nimgawie wawili watatu. Nyumba ni moja, chini duka, juu tunakaa mimi na mke wangu pamoja na mama mkwe, tuliyemchukua alipofiwa na mzee, na mama huyo ananipenda kuliko binti yake wa kumzaa, muulize yeyote.

Shida ni choo. Duka langu ndilo liko chini kuliko vyote, kwa hiyo bomba likiziba maji machafu ya juu hayana pa kwenda ila kwangu, yanapanda kwenye choo cha dukani na kwenye tundu la sakafu, bila hodi, harufu ikitangulia kama tarumbeta. Mara ya kwanza nilimwaga asidi, nikachokoa kwa waya wa kuanikia nguo, yakashuka, nikamtambia mke wangu kwamba fundi ni fundi. Mara ya pili yalikuta majoho meupe ya kwaya nimeyatandaza sakafuni napima pindo, na mshauri, usiniulize yalipata rangi gani, nikayafua, nikayapiga pasi, nikampelekea mwalimu wa kwaya, kumbe harufu haiogopi pasi. Mwenye nyumba akaja, akasimama mlangoni kashika pua, akasema, "Fundi, ikitokea tena utafute pengine pa kushonea."

Basi nikamwita fundi bomba. Akafunua chemba nyuma ya nyumba, akaingiza waya wake mrefu, akazungusha, akavuta, na watu wa mtaani unawajua, sinema ya bure haiwapiti. Vikaanza kutoka vitambaa, kimoja, kingine, halafu fundo zima. Fundi bomba akanyanyua kimoja kwa kijiti.

"Mzee wa cherehani, hii si mali yako?"

Kweli ilikuwa mali yangu, pamba ya sare za shule nilizoshona juzijuzi.

"Shemeji," kinyozi akamwambia mke wangu, "mumeo siku hizi anayashonea mabomba suruali!"

Watu wakacheka. Mke wangu hakucheka.

Mimi nilikuwa natazama mshono. Vitambaa vile vilikatwa mraba, vikawekwa tabaka juu ya tabaka, vikashikizwa kwa mkono, mshono mdogo mdogo kama meno ya panya, na mshono ule naujua. Mama mkwe hushuka dukani kuniomba vipande, anasema, "Vya kufutia vumbi, mwanangu," na anachagua pamba tu, ukimpa vile vinavyong'aa anakurudishia, "Hapana, hivi havinywi maji." Nikaelewa vilikuwa vya kazi gani, na tafadhali usinilazimishe kuiandika, mimi ni mkwe. Nikainua macho nikamwona juu dirishani kashika pazia, tukatazamana, akaliachia.

Nikasema kwa sauti watu wote wasikie, "Ni mimi. Natupa vipande chooni, uvivu tu."

Mke wangu akaniuliza, "Wewe una wazimu, au unanifanyia kusudi?" Tangu hapo ananisemesha kwa mafumbo tu, hata chumvi akiiomba anaiomba kwa ukuta.

Mama mkwe naye amebadilika, dukani hashuki, chai anaikataa, maji anayanywa kama anaonja dawa, midomo imemkauka, nadhani amenuna au ananionea haya, basi namwacha nisimzidishie. Na choo cha dukani jana kimeanza kugugumia tena. Sasa nifanyeje? Mkwe hawezi kumkalisha mama mkwe akamweleza habari za chooni, ulimi wangu utagoma. Nikimwambia mke wangu, atasema namsingizia mama yake nifiche uchafu wangu. Nikinyamaza, mwenye nyumba atatutoa, na cherehani, mke na mama mkwe nitavipeleka wapi?

Na ile foleni ya wateja niliyokuandikia pale juu ni uongo. Tangu majoho yale, mlangoni kwangu haji mtu.

Fundi Cherehani


MSHAURI ANAJIBU

Fundi, umeniandikia habari ndefu ya bomba, na katikati yake ukapitisha jambo kubwa kuliko bomba kana kwamba ni kisalio cha uzi. Mama mkwe hanywi maji, midomo imekauka, nawe unamwacha usimzidishie! Hajanuna huyo. Anajikausha. Anaona asipokunywa hatatokwa na mkojo, asipotokwa hatahitaji vitambaa, na bila vitambaa wewe hutafukuzwa.

Moyo wako nimeuona, ni mkubwa, na wanaume wengi mbele ya umati ule wangenyoosha kidole dirishani. Lakini ulipomaliza kujitwisha lawama ulirudi kwenye cherehani ukajiona shujaa, ukamwachia mama siri ileile, sasa ikiwa na deni la hisani juu yake. Anailipa kwa kiu. Na kiu haimsaidii kitu: mkojo unakuwa mkali, unamchoma, unamtoka vilevile, na mtu wa umri wake akikaukiwa maji anaweza kuanguka akalazwa.

Mwambie mke wako leo, mkiwa wawili, mlango umefungwa. Bomba usilitaje kwanza. Sema hivi: "Mama anaumwa, na anatuficha." Akikwambia unasingizia, mwombe akumbuke mshono wa vile vitambaa, binti anaujua mkono wa mama yake. Yeye ndiye atakayekaa na mama, amwambie kwamba kutokwa na mkojo ni maradhi kama maradhi mengine, wanayo wengi, na mengi yanatibika, kisha ampeleke kwa daktari wiki hii. Wewe kwa mama mkwe usiseme neno. Hapo tu ndipo uliponena sawa katika barua nzima.

Chooni juu iwekwe ndoo yenye kifuniko na mifuko ndani yake, itumiwe na wote, ili asionekane yeye peke yake. Mama anatupa vitambaa chooni kwa sababu nyumbani kwenu hakuna pengine pa kuvitupa bila kuonekana. Hilo hamkuliwaza hata mmoja. Pedi za watu wazima zipo madukani, mkeo anunue.

Sasa choo. Kikianza kugugumia, huko juu mtu asifungue maji wala asivute choo, maana kila ndoo inayomwagwa juu inaishia miguuni pako. Mrudishe yule fundi bomba atoe fundo lililobaki, na afunge vali inayoruhusu maji kwenda na kuyakatalia kurudi. Asidi achana nayo, kitambaa haikiyeyushi, inakula bomba na macho ya atakayelifungua, na usithubutu kuichanganya na dawa ya klorini, mvuke wake ni sumu. Sakafu ioshe kwa sabuni kwanza, halafu klorini, umevaa buti na glovu, madirisha wazi. Kapeti, maboksi na sponji zilizolowa, tupa.

Majoho nayo! Umewavisha watu maji ya choo, bwana, kisha unashangaa hawaji? Yafuate, omba radhi, shona mengine kwa kitambaa chako, na hadithi ya balozi iache nyumbani.

Mwenye nyumba usimngoje aje, mfuate wewe, mwambie bomba limezibuliwa na vali imefungwa. Vitambaa vilikuwa vya nani, hilo halimhusu, na kinyozi ndiyo kabisa.

Lakini yote hayo ni ya kesho. Sasa hivi funga duka, panda ngazi, mwite mke wako pembeni.